Maji ya Tangi la Samaki Yakimwagika Sebuleni

Wazee walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Bila shaka waliyafikiria maji ya njiani, ambayo hunywewa na mchanga mara yanapoanguka. Maji yaliyomwagika juu ya sakafu ya saruji, ndani ya chumba chenye godoro, televisheni na sanduku la vyeti, hayana budi kuzolewa, tena upesi na kwa utaratibu. Maana hasara kubwa haitokani na maji yanayoonekana, bali na yale yaliyojificha, pamoja na umeme unaoyangoja.

Mazoea ya kufuga samaki wa mapambo yamekwisha ingia katika miji yetu. Katika nyumba za Kampala, Entebbe na Jinja utaona sebuleni tangi la kioo lenye taa juu yake, na ndani yake samaki wadogo wa rangi za kupendeza. Wengine hufuga furu wa Ziwa Viktoria, ndio hao nkejje ambao wengi wetu tumezoea kuwaona wamekaushwa moshini na kutungwa vijitini. Ni burudani njema kwa watoto, na ni utulivu kwa mtu atokaye zamu ya usiku. Lakini afugaye samaki ndani ya nyumba amehifadhi pia maji mengi mahali ambapo maji hayakukusudiwa kukaa. Tangi lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40, likijazwa maji ya kina cha sentimita 45, linachukua lita 180. Hizo ni jerikeni tisa za lita 20, na uzito wake ni kilo 180, mbali na kioo, changarawe na meza yenyewe.

Wala ajali hii si ya watu wasiojua kazi peke yao. Alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, katika mji wa Berlin, Ujerumani, tangi kubwa la samaki lililoitwa AquaDom lilipasuka ndani ya hoteli. Lilikuwa mnara wa mviringo wenye kimo cha mita 16, uliochukua lita milioni moja za maji na samaki wapatao 1,500. Maji yalivunja milango, yakasomba viti na meza hadi barabarani, na watu wawili wakajeruhiwa. Kwa kuwa saa hizo wageni walikuwa wangali vyumbani, watu walinusurika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 haukuweza kutaja sababu moja kwa hakika. Sisi wenye matangi ya lita 100 au 200 tuna bahati zaidi kuliko hao, kwa maana sababu zetu zinajulikana, na nyingi zinazuilika.

Namna maji yanavyotoka

Sababu ya kwanza ni bomba lililosahauliwa. Mama wa nyumba huweka mpira wa maji ndani ya tangi ili aliongeze, kisha maji ya mji hukatika. Anaufungua mfereji mara mbili tatu, haoni tone, anakwenda zake sokoni na mfereji ukiwa wazi. Saa nane za usiku maji hurudi. Mfereji utoao lita 10 kwa dakika humwaga lita 150 katika robo saa, nao watu wote wamelala.

Sababu ya pili huwashangaza wengi, kwani maji hutoka wakati umeme umekatika. Ile pampu ndogo ya kusukuma hewa mara nyingi huwekwa chini, nyuma ya meza, mahali isipoonekana. Umeme ukiwapo, hewa hupanda katika mrija na kuyazuia maji. Umeme ukikatika, hewa husimama, maji huingia katika mrija, na yakiisha kuvuka ukingo wa tangi hushuka yenyewe bila kusukumwa, kama vile dereva anavyonyonya petroli katika tangi la gari kwa mpira. Yatatiririka mpaka usawa wa maji ushuke chini ya mdomo wa mrija. Dawa yake ni rahisi sana: pampu iwekwe juu kuliko usawa wa maji, au mrija utiwe vali ndogo ipitishayo hewa upande mmoja tu.

Zipo nyingine, kama vile kichujio kilichozibwa na uchafu hata maji yakapita kando, au gundi ya maungio iliyochoka kwa sababu tangi limekaa juu ya meza iliyopinda. Hizo tutazirudia mwishoni.

Dakika za kwanza

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji watulie kidogo, hasa wake wa askari. Mara nyingi maji yanapofurika baba hayupo. Yuko lindoni, yuko katika doria, au amepelekwa wilaya nyingine kwa miezi kadhaa. Anayeamka usiku na kukanyaga maji ya baridi ni mama, na nyuma yake ni mtoto mkubwa aliyesikia sauti.

Silika ya kila mtu ni kukimbilia maji ili kuyazuia. Silika hiyo ni ya hatari. Chukua chumba chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Lita 60 tu, yaani jerikeni tatu, zikitandazwa humo zinakuwa na kina cha milimita tano. Kina hicho hakifikii kifundo cha mguu, lakini kinatosha kuingia katika ule waya wa nyongeza wenye matundu manne uliolala sakafuni, ambao umechomekwa televisheni, chaja ya simu, pampu ya samaki na taa ya tangi. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 240. Maji ya tangi yana chumvichumvi na uchafu wa samaki, kwa hiyo huupitisha umeme, na mtu aliyesimama peku katika maji hayo amejifanya njia ya kwenda ardhini.

Basi jambo la kwanza si tambara wala ndoo. Simama mlangoni, wazuie watoto, na uzime swichi kuu ya nyumba. Usichomoe waya mmoja mmoja ukiwa umesimama majini. Ikiwa swichi kuu iko upande wa pili wa maji, au sanduku lake lenyewe limelowa, usiifuate. Toka nje, mwite jirani, na uwapigie simu watu wa umeme wakate kutoka nje. Viatu vya mpira husaidia, lakini kiatu chenye ufa mdogo usioonekana hakisaidii kitu. Endapo mtu amekwisha kunaswa, usimshike kwa mkono. Umeme uzimwe kwanza, na kama haiwezekani asukumwe kwa ubao mkavu na mtu aliyesimama pakavu.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu katika nyumba, hata mtoto wa miaka kumi, aonyeshwe swichi kuu ilipo na namna ya kuizima gizani. Baba aifanye kazi hiyo kabla ya safari yake ijayo. Itamchukua dakika tano.

Umeme ukiisha kuzimwa, funga mfereji, inua mipira yote itoke ndani ya tangi, na kama kioo kimepasuka punguza maji kwa ndoo hadi yashuke chini ya ufa. Samaki wahamishiwe katika ndoo safi isiyo na sabuni, pamoja na maji yao wenyewe ya tangi. Maji mapya ya mfereji yana klorini, nayo huwaua. Wasirundikwe, na ndoo ikae kivulini. Kule Berlin samaki wa mnara karibu wote walikufa, lakini mamia ya wadogo waliokuwa katika matangi mengine chini ya jengo walihamishwa kwa haraka, kwa kuwa umeme wa pampu zao ulikuwa umekatika.

Anayekaa ghorofani ana jirani wa chini, na maji hayamsahau. Shuka ukamwamshe hata kama ni usiku, umwombe radhi, naye azime umeme wake. Dari lake likivimba kama tumbo, limeshika maji. Mtu asisimame chini yake. Litobolewe kidogo kwa ncha ya kijiti kirefu huku ndoo ikikinga, kabla halijaanguka lote kwa mkupuo.

Kuyaondoa yaliyojificha

Maji ya tangi si mabaya kama ya mafuriko. Mwezi Mei 2020, Ziwa Viktoria lilipofika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, wakazi wengi wa mwambao waliingiliwa na maji yaliyochanganyika na ya vyooni, na godoro lililolowa namna hiyo halina budi kutupwa. Hata hivyo maji ya samaki nayo si safi. Yamo ndani yake mavi ya samaki na vijidudu viwezavyo kuingia katika kidonda cha mkono na kuleta uvimbe wa ngozi usiopona upesi. Mwenye jeraha avae glavu, na wote wanawe kwa sabuni baada ya kazi.

Futa ukianzia kona ya mbali kuja mlangoni. Kisha inua zulia. Wengi hufuta juu ya kapeti ya plastiki, wakaiona inang'aa, wakaridhika, kumbe chini yake maji yamekaa kama ndani ya chupa, na yatakaa humo wiki kadhaa. Kapeti ikunjwe na kutolewa nje, na mkeka uanikwe pande zote mbili. Kabati, kitanda na makochi yasogezwe nusu mita kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake.

Mbao ngumu kama mvule huvumilia, lakini zikaushwe kivulini polepole, maana jua kali huzipasua. Zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, ambazo siku hizi ndizo meza na makabati ya bei nafuu, zikivimba hazirudi. Usipoteze fedha kwa fundi. Godoro la sponji likamuliwe kwa kulikanyagia juu ya shuka safi, lisimamishwe juani na kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Buti za kazi zisipelekwe karibu na moto, kwani ngozi hukauka ikapasuka. Zijazwe magazeti makavu yaliyokunjwakunjwa, yabadilishwe kila yanapolowa. Hata gazeti hili, likiisha kusomwa, linafaa kwa kazi hiyo.

Lakini gazeti lisiwekwe juu ya vyeti. Wino wake huhamia katika karatasi iliyolowa, na hapo tunafikia mali iliyo ghali kuliko makochi yote. Katika nyumba nyingi za askari, chini ya kitanda, lipo sanduku la bati lenye barua ya kuajiriwa, barua za kupandishwa cheo, vyeti vya shule vya watoto, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja na picha za waliotangulia. Siku ya kudai kiinua mgongo au malipo ya uzeeni, au siku mjane atakapokwenda ofisini akiwa amevaa nguo nyeusi, karatasi hizo ndizo zitakazosema badala ya mwenyewe. Nazo sanduku la bati haliziokoi, kwa kuwa maji huingia kwa chini na hayatoki.

Karatasi zilizolowa zishikwe kama yai. Zilizogandamana zisibanduliwe kwa nguvu. Zitandazwe moja moja juu ya kitambaa safi cheupe, ndani ya nyumba, mahali penye upepo pasipo na jua, maana jua hufifisha wino. Zisipigwe pasi. Picha zilizoshikana zilowekwe katika maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha zilazwe uso ukiangalia juu, wala kitu kisiguse uso huo. Cheti kilichofunikwa kwa plastiki na maji yakaingia pembeni kipigwe picha mara moja, kabla hakijaanza kuota kuvu.

Na kama karatasi ni nyingi kuliko mikono, ipo njia ambayo wachache huijua. Zitie katika mfuko wa plastiki, uzipeleke kwa mwenye friji ya kugandisha. Baridi husimamisha kuvu na kuzuia wino usienee zaidi, nawe utazitoa chache chache na kuzikausha kwa wakati wako. Mwezi Juni 1972, mafuriko yalipoizamisha nyumba ya makumbusho ya vioo ya mji wa Corning, Marekani, vitabu vya maktaba yake viliokolewa kwa kugandishwa kwanza namna hiyo. Ikiwa huna friji, mwenye duka la nyama hatakukatalia.

Siku na wiki zinazofuata

Kuvu huanza kuota kati ya saa 24 na 48 baada ya kitu kulowa. Kwa hiyo siku mbili za kwanza ndizo za kazi ngumu. Fungua madirisha yanayoelekeana ili upepo upite, lakini mvua ikinyesha yafunge, usikaribishe unyevu mwingine. Katika masika ya Machi hadi Mei, saa za mchana zenye jua zisipotee hata moja.

Usiku wa baridi huja kishawishi cha kuingiza jiko la makaa chumbani, mlango ukafungwa, ili ukuta ukauke. Tunasema kwa nguvu zote: jambo hilo lisifanyike. Makaa yanapowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huwalaza watu usingizi wasioamka. Ukuta uliolowa hauui mtu usiku mmoja. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa linaweza kuua familia nzima kabla ya alfajiri.

Umeme usiwashwe chumbani mpaka fundi azikague soketi za chini. Televisheni, redio au pampu iliyolowa isijaribiwe ati kuona kama bado inafanya kazi. Ikaguliwe kwanza ikiwa kavu.

Ukuta wa matofali hudanganya. Juu huonekana mkavu, ndani umeshiba maji, na mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Upo mtihani mwepesi usio na gharama. Bandika kipande cha plastiki angavu chenye ukubwa wa daftari juu ya ukuta au sakafu, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku nzima. Ukikuta matone ndani yake, bado. Usipake rangi, kwani itavimba na kubanduka, nawe utapaka mara ya pili. Ukiona unga mweupe umejitokeza ukutani, hiyo ni chumvi ya saruji na matofali. Ipigwe brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani.

Madoa ya kuvu kwenye sehemu ngumu huoshwa kwa maji na sabuni, kisha pakaushwe. Anayetumia dawa ya klorini afungue madirisha, asiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mtoto mwenye pumu alale chumba kingine, au kwa jirani, mpaka harufu ya uvundo iishe. Harufu hiyo ikibaki baada ya yote kuonekana makavu, kuna mahali hapajaguswa. Tazama nyuma ya kabati na chini ya kitanda.

Nyumba za serikali zina jambo lake la ziada. Wapo wanaoficha doa la ukutani kwa kalenda, wakihofu kulaumiwa. Doa hilo halikai lilipo. Taarifa itolewe mapema kwa mkubwa anayehusika na nyumba, na picha za uharibifu zipigwe siku ile ile, maana familia itakayopewa nyumba hiyo baada yenu nayo ina watoto.

Kabla samaki hawajarudi, meza ya tangi ipimwe kwa pimamaji la mwashi, pande zote mbili. Waya za pampu na taa ziachwe zining'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone lifuatalo waya lianguke sakafuni badala ya kuingia ndani ya umeme. Tangi lisijazwe hadi ukingoni. Wala mtu asiongeze maji kwa mpira bila kusimama pale pale. Mwenye haraka atumie ndoo. Kisha tangi lenyewe litolewe nje kivulini, liwekwe juu ya ubao ulionyooka, lijazwe maji, na gazeti kavu litandikwe chini ya kingo zake kwa siku mbili. Likibaki kavu, samaki warudi nyumbani. Likipata hata doa moja, tangi hilo litiwe udongo na kupandwa maua.